Kutoka Kitengela hadi Bahnhof Zoo: filamu kumi za vijana na dawa za kulevya

Sheria za mchezo kwanza, ndipo tuanze kubishana. Hatuhesabu uzuri wa filamu, wala tuzo, wala pesa za tiketi. Tunahesabu alama. Filamu ilipokwisha na taa zikawashwa, ni nini kilibadilika huko nje? Sheria? Mavazi? Hospitali? Maneno ambayo mama na bintiye hawakuwahi kuambiana? Iliyoacha alama kubwa kuliko zote inakaa nambari moja, na tunahesabu kurudi chini kama watangazaji wa redio. Mwenye haraka ya kumjua bingwa na ashike subira au ashukie stendi inayofuata.

Tunahesabia Kitengela, na tuna sababu. Sensa ya 2019 ilikuta mji huu una watu zaidi ya 150,000, mahali ambapo wazee wa Kimaasai walio hai wanakumbuka nyumbu wakitoka mbuga ya Nairobi kwenda kulisha nyanda za Kaputiei. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na mihadarati, ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila sita, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kitu kimoja kati ya pombe, tumbaku, miraa, bangi na vinginevyo. Katika matatu ya abiria 14 pale stendi, hao ni wawili na ushei. Huenda mmoja wao umekaa naye bega kwa bega. Huenda ni mwanao.

Haya, twende.

10. Reefer Madness (Marekani, 1936)

Hii imeingia kwenye orodha kupitia dirishani. Ilitengenezwa kuwatisha wazazi, na jina lake la kwanza lilikuwa amri kwao: waambieni watoto wenu. Ndani yake vijana wazuri wa shule wanavuta bangi, na kufumba na kufumbua kuna maiti, kuna anayejirusha dirishani, kuna anayecheka hadi akili inamtoka.

Ikazama ikasahaulika. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa NORML, shirika linalopigania bangi ihalalishwe, aliikuta Maktaba ya Bunge la Marekani. Akanunua nakala kwa dola zisizofika 300, akaizungusha vyuoni. Wanafunzi walicheka hadi wakashika mbavu, na viingilio vikaenda kwenye mfuko wa wale wanaotaka bangi iruhusiwe. Filamu ya kuipiga vita bangi ikawa mfadhili wake!

Nani hajayaona haya kwetu? Mgeni wa heshima anasimama kwenye paredi ya sekondari, anatangaza kwamba ukivuta mara moja tu unaishia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Nyuma ya mstari wa kidato cha tatu yupo mvulana aliyekwisha kuvuta mara nyingi na bado ndiye anayeongoza kwa hesabu. Anatabasamu, wenzake wanamwona akitabasamu, na kuanzia dakika hiyo mgeni yule hana tena msikilizaji, hata anapofika kwenye yale ya kweli kuhusu ubongo wa kijana na bangi ya kila siku. Mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kuifanya bangi zao la biashara. Nchi ilicheka, kisha watu zaidi ya 60,000 wakampigia kura. Vitisho vyetu vya paredini havikumpunguzia hata mmoja.

9. The Man with the Golden Arm (Marekani, 1955)

Frank Sinatra ni mchezesha karata anayetaka kuwa mpiga ngoma, na heroini haimpi nafasi. Wasimamizi wa maadili wa Hollywood waliinyima cheti kwa kuwa kanuni zao zilikataza dawa za kulevya zisionekane kabisa. Mwongozaji Otto Preminger akaitoa bila cheti, watu wakajaa, na mwaka 1956 kanuni ikalegezwa. Najua, Sinatra hapa si kijana. Wekeni viatu chini. Yeye ndiye aliyewafungulia mlango Wamarekani wote wanaofuata kwenye orodha hii.

8. The Basketball Diaries (Marekani, 1995)

Leonardo DiCaprio kabla ya meli kuzama. Mvulana wa New York ana kipaji cha mpira wa kikapu, ana kalamu nzuri, ana mama anayempenda, na heroini inapita katikati yao wote. Mlango wa nyumba unapofungwa na mama akabaki upande wa pili, jitayarisheni. Alama yake iliishia mahakamani: baada ya mwanafunzi kuua wenzake kwa risasi Paducah, jimbo la Kentucky, mwaka 1997, familia za waliouawa ziliishtaki filamu pamoja na michezo ya kompyuta. Kesi ilitupwa. Nazielewa familia zile. Mtu aliyefiwa anatafuta wa kumshika shati, na filamu huwa karibu.

7. Veve (Kenya, 2014)

Hatimaye nyumbani! Simon Mukali aliongoza, Natasha Likimani akaandika, na One Fine Day Films, kampuni ya Wajerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ikashirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Tupo Maua, Meru. Amos, mwanasiasa, anataka kuimeza biashara yote ya miraa. Kenzo, kijana, anataka kumlipizia kisasi babake. Mwaka uleule, Juni 24, Uingereza ikapiga marufuku miraa na soko kubwa la Ulaya likafungwa. Ukiitazama leo, kila gari la miraa linalopaa barabarani katika filamu ile linaonekana kukimbilia mlango unaofungwa.

Naipenda Veve kwa sababu inamwonyesha mtazamaji kwamba nyuma ya kifungu kimoja cha majani kuna shamba, mkopo, dereva asiyelala, kura na bastola. Nina ugomvi nayo pia. Mtafunaji yuko wapi? Yule kijana wa bodaboda anayetia muguka, aina ya miraa, shavuni saa tatu usiku apate kumudu safari za hadi alfajiri, kisha analala mchana kutwa na hajui mwanawe amejifunza neno gani jipya, filamu haimfikii. Anasubiri hadi leo.

Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walijaribu kufungia muguka nje. Ikulu ikasema marufuku zao hazina nguvu kwa sababu sheria ya taifa inalitambua zao hilo. Embu walishangilia, Mombasa walinuna, na Kitengela vibanda vilifunguliwa asubuhi iliyofuata kama kawaida. Kuna filamu nzima katika wiki ile moja, na hakuna aliyeshika kamera. Waandishi wa miswada, mnanisikia?

6. Trainspotting (Uingereza, 1996)

Sasa kelele. Danny Boyle alichukua riwaya ya Irvine Welsh ya 1993 kuhusu vijana wa Edinburgh waliozama katika heroini, akaitia muziki unaomfanya mtu aliyekaa atingishe goti. Nusu ya watazamaji walitoka ukumbini wakitaka kuacha kila kitu kibaya. Nusu nyingine walitoka wakitaka jaketi la Renton, mhusika mkuu.

Hapo ndipo penye shida. Miaka ileile majarida ya mitindo yalikuwa yamejaa wasichana wakavu, macho yamezama, ngozi ya mgonjwa, na fasheni hiyo ikabandikwa jina la heroini yenyewe. Mei 1997 Rais Bill Clinton alisimama akawakemea watu wa mitindo hadharani, miezi michache baada ya mpigapicha kijana wa fani hiyo, Davide Sorrenti, kufariki. Filamu haikuanzisha fasheni ile, ila iliipa wimbo wa kutembelea.

Mbona basi siitupi nje? Kwa sababu ya Calton Athletic. Hiki kilikuwa kikundi cha Glasgow cha waliokuwa waraibu, wakapona kwa pamoja kupitia mpira wa miguu, na ndio walioketi na waigizaji kuwafundisha ukweli ulivyo. Chozi lililomo Trainspotting, hofu iliyomo kwenye kile chumba Renton anachofungiwa na wazazi wake arosto imwishe, ni ya watu waliopitia. Mtu wa Mombasa au Malindi aliyewahi kumshika ndugu yake usiku wa arosto hahitaji maelezo ya chumba kile. Anajua jasho lile, anajua matusi yale, anajua na asubuhi yake.

Na filamu inataja methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ambayo wengi wetu tulidhani ni ya Wazungu. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa Februari 2011. Mathari, Nairobi, wakaanza Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa mwaka uliofuata. Kikombe kidogo kila siku, mbele ya muuguzi, miezi na miaka. Hakuna muziki wa kutingisha goti katika foleni ile, lakini mtu anatoka pale akaenda kazini. Boyle, tafadhali, hiyo nayo ina hadithi.

5. Requiem for a Dream (Marekani, 2000)

Usiitazame usiku ukiwa peke yako. Sitanii hata kidogo.

Darren Aronofsky anatupa vijana watatu na heroini yao, lakini anayenivunja ni mama. Sara Goldfarb, mjane, anapigiwa simu kwamba huenda akaonekana kwenye runinga. Anataka kulivaa gauni lake jekundu la zamani. Halimtoshi. Daktari anampa vidonge vya kupunguza mwili, vyenye rangi nzuri, kwa karatasi halali yenye muhuri, na kidonge baada ya kidonge akili yake inafumuka. Ellen Burstyn alimcheza hadi akateuliwa kuwania Oscar.

Wazazi wa ploti zetu, hii ni yenu. Tunamkagua mtoto mifuko tukitafuta msokoto, na juu ya kabati la sebule kuna chupa tatu za mgeni. Baba anarudi Ijumaa akiwa habebeki na siku inayofuata familia nzima inaambiwa alichoka. Binti wa miaka kumi na miwili ana macho. Filamu nyingi za mihadarati zinawaweka vijana mahakamani na wazazi kwenye viti vya watazamaji. Aronofsky amewapandisha wote kizimbani.

4. Udta Punjab (India, 2016)

Mashabiki wa sinema za Kihindi, inukeni mpungiwe. Abhishek Chaubey aliwakusanya Shahid Kapoor, Alia Bhatt, Kareena Kapoor na Diljit Dosanjh akasimulia jinsi dawa za kulevya zinavyovuka mpaka na kuwala vijana wa jimbo la Punjab. Bodi ya filamu ilitaka vipande vingi vikatwe, na katika madai yake likawemo hili: ondoeni jina Punjab.

Soma tena. Watoto wa Punjab wanakufa Punjab kwa unga uliopita Punjab, na kinachoudhi wakubwa ni jina la Punjab kuonekana kwenye bango. Mahakama Kuu ya Bombay ilisikiliza, na Juni 13, 2016 ikaruhusu filamu itoke kwa kukatwa mahali pamoja tu. Siku nne baadaye ikawa kwenye kumbi. Mwaka uliofuata jimbo lilifanya uchaguzi, na dawa za kulevya zikawa hoja ambayo hakuna mgombea aliyeweza kuikwepa. Hiyo ni alama ya nguvu! Sisi tuliwahi kuionja nusu yake mwaka 2018, bodi yetu ilipoipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, mahakama ikaifungulia siku saba, na Nairobi ikapanga foleni.

Sasa tafakarini Kajiado, kaunti yetu. Ziwa Magadi, la kwetu kabisa, limo ndani ya The Constant Gardener ya 2005, ila mle linajifanya Turkana. Tumeazimisha sura yetu kwa hadithi za wengine. Siku mtu atakapopiga filamu kuhusu barabara ya Namanga, inayotoka mpakani, ikapita Kajiado na Isinya hadi Kitengela, barabara ambayo polisi wamekamata magunia ya bangi mara nyingi, je, tutamwachia aandike jina la mahali kwa herufi kubwa? Au kamati itaundwa haraka kulinda bei ya viwanja? Mimi nasema liandikwe, na liandikwe sahihi, na maajenti wa mashamba watavumilia.

*Tusimame kidogo kabla ya tatu bora, watu wajinyooshe.*

Kuna jambo ambalo orodha za majarida ya ng'ambo haziwezi kulijua: filamu haifiki kwetu kama ilivyoondoka kwao. Inapitia kwa DJ Afro. Yule bwana ameichukua sinema ya Kichina na ya Kimarekani, akaitia sauti yake, utani wake na staa wake, hadi bibi asiyejua neno la Kiingereza akaifuata hadithi mwanzo mwisho. Tanzania walikuwa na Lufufu akifanya kazi hiyohiyo. Wasimulizi hawa wanaweza kumfanya kijana acheke, kisha wakanyamaza kwa sekunde tatu mahali panapouma, na zile sekunde tatu zikafanya kazi kuliko bango lolote la serikali. Nani amewahi kumwendea msimulizi wa kibandani akamwomba asimulie filamu ya uraibu?

Halafu kuna watoto wenyewe. Tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule linapanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, mkoa, kisha taifa, na shule za Kajiado hushindana upande wa Bonde la Ufa. Mada ya mihadarati haikosi. Naomba tu walimu wawape nafasi wasiandike kila mara ule mchezo wa kijana mbaya anayeungama jukwaani dakika ya mwisho. Watoto wana ya kusema. Aprili 2025, wasichana wa Butere walipopeleka Nakuru mchezo wao wa Echoes of War, polisi walitumwa na mabomu ya machozi. Huwezi kutuma mabomu ya machozi kwa kitu kisicho na nguvu.

Na wale waliofanya KCSE wakisoma Chozi la Heri wanamkumbuka Dick, mtoto aliyeibwa akalazimishwa kubeba dawa za kulevya. Kitabu kile kilisomwa darasani nchi nzima. Kina kila kitu ambacho mtayarishaji wa filamu anakitafuta. Basi.

3. Nairobi Half Life (Kenya, 2012)

Mtapinga. "Hiyo ni ya majambazi!" Ni kweli, na bado haitoki hapa.

Mwas anauza filamu kijijini, na ili ziuzike anaziigiza mwenyewe barabarani, sauti na ngumi zote. Anapanda gari kwenda Nairobi awe mwigizaji. Mji unampora siku ya kwanza, unamlaza korokoroni usiku wa kwanza, na wa kwanza kumpa chakula na mahali pa kulala ni genge. David "Tosh" Gitonga aliiongoza. Joseph Wairimu akashinda uigizaji bora Durban, na Kenya ikapeleka filamu yake ya kwanza kabisa kuwania Oscar ya filamu za lugha zisizo Kiingereza. Sheng ikapanda kwenye skrini kubwa bila kuomba radhi.

Inahusianaje na uraibu? Kila namna. Kijana haanzi na dawa. Anaanza na mtu aliyemwita kwa jina. Anaanza na maskani ambapo hakuna anayemuuliza amepata kazi gani, ambapo wanachanga pesa za chapati na wanamwachia nafasi kwenye ukuta. Msokoto unakuja baadaye, ukipita mkono kwa mkono, na kuukataa ni kuwakataa watu pekee waliomkubali. Wazazi wanauliza nani alimpa mwanangu bangi. Gitonga anauliza nani alimpa chakula siku ile. Swali lake ndilo lenye jibu.

2. Shuga (Kenya, 2009)

Ni mfululizo wa runinga, sawa, mmenikamata. Ila MTV waliupiga Nairobi, Lupita Nyong'o akiwa ndani yake miaka mitano kabla ya kushika Oscar, na Nick Mutuma, na nusu ya sura ambazo kizazi kile kilizibandika ukutani. Pombe, karamu, mapenzi na virusi vya UKIMWI, vyote usiku mmoja, kama vinavyokuja katika maisha halisi.

Ninaupa nambari mbili kwa sababu kuna watu walioupima. Shuga ulipohamia Nigeria, wachumi waliwaonyesha vijana wa miji ya kusini-magharibi kipindi hicho, wengine wakaonyeshwa filamu nyingine, kisha wakawafuatilia baada ya miezi. Waliouona walikuwa wepesi zaidi kwenda kupimwa VVU, na wasichana miongoni mwao walipatikana na klamidia kwa kiwango cha chini zaidi. Filamu ikaingia kwenye damu ya watu, kwa maana njema kabisa.

Siri yake? Kituo cha kupimia kilikuwepo. Mhusika akipima kwenye skrini, mtazamaji alijua pa kwenda kesho, bure, barabara ileile. Hamu bila mlango huisha kwa siku mbili. Shikeni hilo, linarudi mara moja.

1. Christiane F. (Ujerumani, 1981)

Bingwa huyu hapa, na wengi Kitengela hamjawahi kumsikia.

Mwaka 1978 waandishi wawili wa jarida la Stern, Kai Hermann na Horst Rieck, walikutana na msichana aliyekuwa shahidi katika kesi Berlin. Walipanga kuzungumza naye saa mbili. Ilichukua miezi miwili. Christiane alikuwa ameanza hashishi akiwa na miaka 12, katika kituo cha vijana cha kanisa, na heroini akiwa na 13, usiku wa tamasha la David Bowie mwaka 1976. Alijiuza stesheni ya treni ya Bahnhof Zoo ili apate pesa za unga. Rafiki yake Babsi alikufa akiwa na miaka 14. Simulizi likawa kitabu, na 1981 Uli Edel akakitoa kama filamu, mhusika mkuu akiwa Natja Brunckhorst, msichana wa shule. Bowie mwenyewe yumo na muziki ni wake. Baadhi ya watu mnaowaona nyuma wakiegemea kuta za stesheni walikuwa waraibu wa kweli.

Alama? Kitabu kiliingia mashuleni Ujerumani kizazi baada ya kizazi. Wazazi waliokuwa wakisema kwetu hakuna, waliona kwamba ni kwao. Na upande wa pili, ambao hauzungumzwi vya kutosha: wasichana walivaa kama yeye, na stesheni ikawa mahali pa matembezi ya wageni. Filamu ilionya na ikavutia kwa wakati mmoja. Natja alikimbia umaarufu ule, akaja kuwa mwandishi na mwongozaji mwenyewe.

Lakini sijaipa taji kwa sababu ya Bowie. Nimeipa kwa sababu ya Gropiusstadt.

Christiane alikuwa na miaka sita familia yake ilipohamia mtaa huo mpya ukingoni mwa Berlin Magharibi. Magorofa marefu, nyumba zipatazo 18,500, zilizojengwa kati ya 1962 na 1975 ili watu wa kipato cha kawaida wapate makao safi. Wasanifu walifikiria bomba, lifti na maegesho. Mtoto wa miaka kumi hakuingia kwenye ramani. Mama yake yuko kazini kutwa. Nyasi zina vibao vya kukataza kucheza. Kituo cha vijana kiko kimoja, na ndimo hashishi ilimokuwa.

Mnaliona? Ploti za hamsini kwa mia, gorofa nne hadi tano, kamba za nguo kila roshani. Mama anatoka saa kumi na moja kabla ya jua kwenda viwanda vya EPZ au kukimbizana na foleni ya Barabara ya Mombasa. Baba anafika usiku. Kati ya saa kumi jioni shule inapofungwa na saa mbili usiku mlango unapofunguliwa, kuna saa nne ambazo hazina mwenyewe. Kila siku. Uwanja uliokuwa wazi mwaka jana umezungushiwa mabati. Duka la pombe halijawahi kukosa nafasi. Kitengela haikujengwa na watu wabaya, ilijengwa na watu waliokuwa wakiikimbia kodi ya Nairobi na wakataka watoto wao wapate hewa, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Gropiusstadt nayo ilikuwa hivyohivyo. Edel anaanzia kwenye magorofa kabla ya kufika kwenye sindano, na ndiyo maana filamu yake ya 1981, ya Kijerumani, inaijua Kitengela kuliko mabango yote ya hapa yanayosema kataa mihadarati.

Mwaka 2013 Christiane alitoa kitabu cha maisha yake ya pili. Filamu inamwacha akiwa msichana. Kitabu kile kinamkuta mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye ini lililoharibiwa na homa ya ini aina ya C, aliyeacha akarudia, akaacha tena. Watu walimtaka mfu au mtakatifu, na yeye akawa mtu anayeishi. Hapo kuna somo kwa familia za hapa zinazouza ng'ombe au kuchanga kwenye kikundi cha simu ili kumpeleka kijana kituo cha binafsi cha kutibu uraibu, Kitengela, Rongai au Ngong, miezi mitatu kwa makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi. Siku ya tisini anarudi. Anashuka stendi ileile. Maskani ni ileile, saa nne zile ni zilezile, na kila jirani anamtazama mikono. Akianguka, tunasema pesa zimepotea, na hatumpeleki tena.

Filamu ya Kitengela itapigwa, sina shaka, na huenda atakayeipiga yuko kidato cha pili sasa hivi na simu iliyopasuka kioo. Ombi langu kwake ni mambo matatu. Aanze na saa nne za jioni. Asimwache mhusika wake siku anapoingia kituoni. Amfuate siku ya tisini na moja, ya mia mbili, ya anguko la kwanza na la kurudi. Na kabla jina la mwigizaji yeyote halijapita, aandike kwenye skrini 1192, nambari ya NACADA ya kupiga bila malipo, na aiache pale muda wa kutosha mama aliyekaa nyuma apate kalamu.